Teo Alilolichukua Shemeji

Mume wangu alipozikwa, mdogo wake alikuja kuchukua vitu vya ndugu yake. Akachukua panga, akachukua koti, akanyoosha mkono ukutani akachukua na teo la kurushia mawe. Nikamwuliza, "Na kima nitawafukuza na nini?" Akasema, "Shemeji, teo ni la wanaume. Wewe una debe."

Hilo debe nimelipiga tangu ujana. Shamba letu liko huku juu ya kijiji cha Kwai, limepakana na msitu, na kima wamelizoea debe kama watoto wa shule walivyozoea kengele ya uji. Likilia, wanakuja. Mwaka huu maharage yaliozea mvuani, mahindi ndiyo chakula chetu chote, mimi na mjukuu wangu wa kidato cha tatu. Kima wakiyamaliza tutakula nini? Na mwenye teo amekaa kwake huko bondeni, kalitundika msumarini, halijatoka nje tangu siku alipolichukua. Waliokaa kikao cha kugawa vitu vya marehemu wakamwacha alichukue, majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Siyaandiki. Wanajijua.

Nikasokota katani, nikakata ngozi ya kiatu kikuukuu, nikatengeneza la kwangu. Kamba mbili, ngozi katikati ya kupakata jiwe. Kamba moja unaifunga kidoleni, ya pili unaiachia jiwe likishapata kasi. Nikalizungusha ubavuni kama nilivyomwona marehemu. Kima mkubwa yuko mbele, kakaa juu ya kisiki anamenya hindi langu. Jiwe lilipofika usawa wa uso wake, nikaachia. Likapanda juu, likapita vichwani mwetu! Mimi na mjukuu tukalitafuta kwa macho, tukalisikia nyuma yetu, bondeni: paa! Bati la shemeji.

Mjukuu wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, jiwe ukiliachia haliendelei kuzunguka. Linanyooka kule lilikokuwa linaelekea wakati ule ule. Likifika mbele yako linakuwa linapanda, na ukichelewa kidogo linarudi nyuma. Liachie likiwa chini, likishapita goti tu. Na ulenge juu kidogo, maana njiani ardhi inalivuta."

"Mbona hukusema mapema?"

"Shuleni tulichorewa duara na mpira uliofungwa kwenye uzi. Nilipata vema. Sikujua kumbe ni teo."

Nikaikasirikia na shule.

Shemeji akafika anahema. Hata shikamoo hakutoa, na mimi ndiye niliyempikia uji akiwa mdogo. "Umenitobolea bati! Lete hilo teo!"

"La kaka yako liko wapi?"

"Lipo. Ni la ukoo."

"Basi ukoo uje ulinde mahindi. Sogea."

"Shemeji, mwanamke mtu mzima kama wewe..."

"Sogea, lisije likakupata!"

Akaruka kando. Nikazungusha. Likashuka, likapita goti, nikaachia. Likaenda mbele, likainama njiani kama tawi lililoelemewa na matunda ya mapeasi, likakipiga kisiki chini ya makalio ya yule kima. Akaangusha hindi, akapiga yowe, kundi lote likamfuata msituni.

"Umebahatisha," shemeji akasema.

Nikaliokota lile hindi, nusu yake bado nzima, nikampa mjukuu akachome. Kisha nikamsukumia shemeji debe kwa mguu. "Kesho alfajiri uje ulipige wewe. Mimi nitakuwa natupa."

Hajaja mpaka leo. Debe lake linamngoja.