Barua Iliyosema Sisi Sote

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa shambani husimama katikati ya tuta, jembe mkononi, nikasahau nilikuwa nafanya nini. Nina miaka ishirini na tisa tu, huenda sina haki ya kukuita mwanangu. Lakini huku kwetu Kilolo hata shangazi wa miaka kumi humwita hivyo mtoto wa kaka yake, basi nivumilie, mwanangu, nikuambie nilipokosea.

Baada ya kufeli kidato cha nne nilijifundisha Kiingereza mwenyewe, kwa simu na kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Nilikuwa na daftari la maneno ya kuelezea kundi na sehemu zake: wote, wengi wao, nusu yao, kila mmoja wao, wachache. Maneno hayo yalinitesa. Kuna "few" na kuna "a few". Moja linalalamika kwamba watu hawatoshi, jingine linaridhika nao, na tofauti yote imebebwa na herufi moja. Niliogopa kukosea kiasi kwamba sikuwahi kumwandikia mtu hata sentensi moja.

Kisha kikundi chetu cha wakulima kikaahidiwa bomba la maji ya kumwagilia. Wafadhili walikuwa watu wa nje, wakataka barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza: tuko wangapi, nani analima wapi. Mwenyekiti wetu, mzee mpole mpenda utani, akasema hiyo ni kazi ya mzungu wetu, yaani mimi. Watu wakacheka. Kichwa kikanivimba, nikakimbilia daftari langu.

Tulikuwa thelathini na wawili. Ishirini na saba walikuwa na vinyungu, yale mashamba ya bondeni tunayolima kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Watano, wote wajane wazee, walikuwa na mashamba ya mlimani tu, na njegere zao walizimwagilia kwa ndoo za kichwani. Nililijua hilo vizuri. Kwenye mgowe, tunapokwenda kulimiana kwa zamu, nimelima mashamba yao yote matano.

Niliandika kwamba wengi wetu tuna vinyungu, nikafuta. Kitenzi kiwe cha mmoja au cha wengi? Niliandika upya mara kumi na moja. Ningeweza kuandika tu ishirini na saba, lakini wazo hilo halikunijia; nilitaka sentensi kama zile za kitabuni. Mwisho nikachukua neno nililokuwa na uhakika nalo, nikaandika kwamba sisi sote tuna mashamba bondeni. Sentensi ikatoka safi, haina doa. Nikajiambia wale watano ni sehemu ndogo.

Wapimaji wa wafadhili wakaja, wakaisifu barua. Wakapima bonde, wakachomeka vijiti, wakakunja kamba zao. Ndipo Bibi Yosefa, mmoja wa wale watano, akauliza mlimani watapanda lini. Mwenyekiti akamjibu taratibu kwamba barua inasema sote tuko bondeni.

"Basi nionyesheni kinyungu changu kiko wapi," akasema, "nikakilime kabla jua halijawa kali."

Watu wakacheka tena. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Sentensi ya Kiingereza ya kurekebisha ilikuwa mdomoni, naipanga, naipangua, natafuta iliyo sahihi, na gari la wapimaji likaondoka bado naipanga.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake kuomba radhi. Alikuwa anamenya viazi. "Kamwene, mzungu wetu," akanisalimu bila kuinua uso. Nikamweleza yote, daftari, kitenzi, hofu yangu. Nilitarajia aniambie ni makosa ya mtu anayejifunza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kiingereza ulikuwa hukijui, mwanangu, hilo halina neno," akasema. "Lakini sisi ulikuwa unatujua."

Siku hiyohiyo niliandika barua ya pili, bila kuinakili upya. Ilikuwa na makosa. Baadhi nayajua na bado yananiwasha. Wafadhili waliielewa. Walijibu kwamba mabomba ya mwaka ule yameshakatwa kwa vipimo vya bondeni, na mlimani watakuja mwakani. Kweli walikuja, tangi likajengwa juu. Lakini kiangazi kimoja kizima wale wajane walipita na ndoo kichwani kando ya bomba lenye maji. Nilibeba nao kila nilipoweza, haikutosha. Njegere za Bibi Yosefa zilikauka zikiwa na maua. Hakunisema tena, na afadhali angenisema.

Basi, mwanangu, jifunze lugha za watu kwa bidii. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini unapoandika juu ya watu, wahesabu kwanza kwa majina yao, ndipo utafute maneno. Ukikosa neno zuri, andika bovu lenye kweli. Kosa la sarufi msomaji atalisahihisha mwenyewe. Mtu uliyemwacha nje, msomaji hatajua hata kama yupo. Na ukigundua umekosea, sema palepale, hata kwa kigugumizi.

Mungu akupe ujasiri ambao mimi bado nautafuta. Akutulize moyo unapoandika, na kalamu yako isimnyime mtu maji.