Njia Niliyoigeuza Kilungu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Kitui nikiwa nimepiga viatu rangi na kuvaa tai ya kuazima, nikidhani nimeajiriwa kupuliza filimbi. Nilikuwa nimeandikwa msaidizi katika ofisi ya michezo, na kwa akili yangu ya ujana michezo ilikuwa mpira wa miguu na basi. Afisa wa Michezo, mtu mfupi mwenye sauti ya mhubiri, aliitazama ile tai, akacheka, kisha akanitolea stoo baiskeli nyeusi na debe la chokaa.

"Unajua kuendesha?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nenda unitafutie njia. Sikukuu iko karibu na watu wanataka mbio za baiskeli. Mbio bila njia ni watu wanafukuzana tu."

Jioni niliirudisha tai kwa mwenyewe ikiwa imegeuka rangi ya udongo. Hakuniazima kitu kingine mpaka alipohama.

Vijana wanaonitembelea hushangaa kusikia kwamba mtu alilipwa mshahara wa serikali kwa kutafuta njia za baiskeli. Kusema kweli haikuwa kazi yangu yote. Nilichora viwanja vya mpira, nikasimamisha magoli ya netiboli, nikaamua ugomvi wa shule na shule. Lakini kila sikukuu ya taifa ilipokaribia, mimi na baiskeli yangu tulipotelea milimani.

Washindani wetu hawakuwa wanamichezo kama mnaowaona siku hizi wakiwa wamebanwa na nguo za kung'aa. Walikuwa wauza maziwa, walimu, wabeba mikate. Walipanda zile baiskeli nzito tulizoziita blakmamba, ambazo hazikuwa na gia za kubadilisha. Gia yako ilikuwa paja lako. Breki zake zilikuwa vyuma virefu vinavyovuta vipande viwili vya raba vibane ukingo wa gurudumu. Raba ikilika, watu walikata kipande cha tairi kuukuu wakapachika hapo, wakamwachia Mungu sehemu iliyobaki.

Afisa wa Michezo alinifundisha kuisoma njia mara tatu: ukipanda, ukishuka, na ukiwa umechoka. Hiyo ya tatu niliidharau mpaka nilipoijua. Kona ambayo asubuhi ni kitu cha kawaida, mtu aliyechoka huiona akiwa ameshaipita. Alinifundisha pia kupima mteremko kwa pua. Unashuka umebana breki, na ukisikia raba inanuka kabla ya kona ya pili, jua mteremko huo ni mrefu kuliko breki za watu. Mishale ya chokaa tuliichora juu ya mawe, kwa sababu ile ya ardhini mbuzi waliipangusa kabla ya mchana.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Nuu. Huko vilima vimesimama vyenyewe katika nchi kavu, na barabara hupenya penye pengo kati ya kimoja na kingine, mahali ambapo upepo hukusukuma kifua kama mtu anayekudai njia. Mito ni ya mchanga. Mshindani akifika hapo hushuka, hubeba baiskeli begani na kuvuka kwa miguu, na wengi walishindwa hapo na wala si mlimani. Nuu pia ndiko nilikojifunza kuheshimu makorongo. Mvua moja tu ya Novemba inaweza kukata barabara ikaacha shimo la kumeza ng'ombe, kwa hiyo njia uliyoipima Oktoba lazima uipime tena.

Sehemu za hatari nilizitundikia kitambaa chekundu. Cha kwanza kiliibwa usiku uleule. Jumapili nilipoingia kanisani nilikikuta kichwani mwa mama mmoja wa kwaya, kimemkaa vizuri kweli, nikaona nimwachie. Tangu siku hiyo nilitumia makopo yenye kutu, ambayo hayampendezi mtu yeyote.

Kutoka Nuu nilipelekwa Kilungu. Makueni ilikuwa bado haijawa wilaya, na tulikuwa chini ya Machakos. Wanaoijua Kilungu wanajua kwamba huko nchi imekunjwa. Juu ni baridi, migomba na maparachichi. Chini ni joto na soko. Kati yake kuna mteremko wa kona baada ya kona, mkono mmoja ukuta wa mlima na mkono mwingine korongo ambalo chini yake husikii hata jiwe likianguka.

Huko nilimpata Nzioka, aliyekuja kuwa rafiki yangu. Kila siku ya soko alishusha ndizi na maparachichi kwa baiskeli, mzigo ukimzidi kimo. Breki zake zilikufa zamani. Kama wenzake wote wa mlimani, alikata tawi kubwa la kichaka, akalifunga kwa kamba nyuma ya karia, pale pa kuwekea mzigo, na tawi likiburuta ardhini ndilo lililomzuia. Chini ya mteremko alilifungua na kulitupa kando, penye lundo la matawi ya wengine, na akina mama walikuja kuyachukua kwa kuni. Nzioka alijua kuchagua tawi. Jepesi mno halikusaidii, zito mno linakuangusha kwenye kona. Hakuna aliyeshuka Kilungu kama yeye.

Aliniita mwanaa mwaitu, yaani mwana wa mama yangu, jina ambalo Mkamba hampi kila mtu. Nami nilikula kwake zaidi ya nilivyokula kwangu.

Mwaka mmoja ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atakuja siku ya sikukuu, na zawadi ya mshindi wa mbio ni baiskeli mpya. Nzioka hakulala. Uma wa baiskeli yake, ule unaoshika gurudumu la mbele, ulikuwa umechomelewa mara nyingi hata fundi alikataa kuugusa tena, na bila baiskeli ndizi zake zingeozea mlimani. Mkuu wa Tarafa akaniita.

"Bwana Kyalo, mbio zianzie bondeni, zizunguke kule nyuma, zipande, halafu zishuke huku mbele mpaka sokoni. Mgeni awe amekaa kivulini, aone watu wakishuka mlima. Itakuwa kitu kizuri sana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na matawi je?"

"Matawi gani?"

Nilipomweleza, alishika kichwa. "Watu waburute vichaka mbele ya mgeni? Aibu gani hiyo! Lakini bila hivyo watasimama vipi?"

"Hawatasimama, mheshimiwa."

Alikubali matawi shingo upande. Mimi nikataka kwanza kuujaribu mteremko, tukashuka watu wanne, Nzioka mbele, mimi mwisho. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wenyeji hawakuwa wamelifikiria, kwa kuwa wao hushuka mmoja mmoja kila mtu na wakati wake. Tawi la Nzioka lilitimua vumbi. La pili likaongeza. Nilipofika kona ya tatu sikuona barabara, sikuona hata mikono yangu. Nilijua nimetoka njiani niliposikia makonge yakinichoma. Ua wa makonge wa mtu fulani ulinishika, na vumbi lilipotua nikaona korongo likiwa upande wa pili wa ua.

Nikiwa nimejaa miiba nilirudi kwa Mkuu wa Tarafa nikamwambia njia lazima igeuzwe. Waanzie sokoni, wapande huku mbele, na mbio ziishie juu.

"Na mgeni? Apande huko juu?"

"Mheshimiwa, akibaki chini anaweza kuhutubia mbele ya maiti."

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo mkuu ndiye aliyesikia. "Atapanda," akasema. "Lakini wewe ndiye utakayemweleza kwamba hewa ya huko ni nzuri."

Habari hazilali. Jioni Nzioka alikuwa mlangoni pangu, kofia mkononi.

"Mwanaa mwaitu, nasikia umegeuza njia."

"Nimegeuza."

"Usinifanyie hivyo. Kupanda, hao vijana watanipita, mimi nimezeeka magoti. Lakini kushuka? Nani atanishika mimi kushuka? Hiyo baiskeli ni yangu, wewe unajua."

"Wewe ungefika. Ningewaambia nini wake za wale walio nyuma yako?"

"Mimi sikuulizi habari ya walio nyuma. Nakuuliza habari yangu. Hiyo baiskeli ndiyo watoto wangu wanakula."

Nilimwambia tu kwamba njia imeshapimwa. Alivaa kofia akasema, "Sawa, Bwana Michezo," akaenda zake.

Siku ya mbio alishika nafasi ya tatu. Mwalimu kijana kutoka upande wa Kibwezi ndiye aliyechukua baiskeli, mgeni akausifu mlima na hewa yake, na watu wote wakarudi nyumbani na miguu yao. Miezi michache baadaye uma wa Nzioka ulikatika. Alishusha ndizi kwa mgongo wa punda wa kukodi mpaka alipopata baiskeli nyingine, na katika muda huo wote hakuniita tena kwa lile jina. Tulipokutana alinisalimu kama mtu anavyomsalimu karani: "Bwana Michezo," akapita.

Iliniuma kuliko miiba ya makonge. Nimesifiwa na wakubwa kwa mambo niliyoyasahau, lakini kwa lile moja nililolifanya kwa akili yangu yote nilipoteza rafiki. Nawaambia vijana ukweli wa kazi hii: hakuna anayekushukuru kwa mguu ambao haukuvunjika. Huwezi kumwonyesha mtu. Mimi mwenyewe kuna usiku nilijiuliza kama labda lile vumbi lingetulia, kama labda wote wangefika salama na Nzioka angepata baiskeli yake. Sijui. Na kama njia ile ingeletwa mbele yangu leo, ningeigeuza tena, na ningelia tena.

Nilistaafu wakati Makueni imeshakuwa wilaya. Nilibaki Kilungu kwa kuwa mke wangu ni wa huko, na Kanyangi nilikozaliwa hapakuwa na mtu wangu tena. Nina shamba la mahindi la matuta, kuku, na goti linalonitabiria mvua. Mbio bado zipo. Siku hizi wengine wana baiskeli za gia na kofia ngumu, na wanawake pia wanashindana, jambo ambalo wakati wetu lingefanya wazee wa kanisa waitishe mkutano.

Mwaka jana, asubuhi moja nikiwa napukuchua mahindi, nilisikia mtu akikohoa langoni. Alikuwa Nzioka, na fimbo. Nyumbani kwangu hakuwa amekanyaga tangu ile jioni ya kofia. Mke wangu aliacha chungu akamletea kiti.

Alikaa. Alisifu mahindi. Aliuliza habari ya kuku. Kisha akasema, "Huyu binti yangu wa mwisho, Mumbua, ameandikwa kwa mbio za sikukuu."

"Nimesikia. Wanasema ana miguu."

"Ana miguu. Njia yao inashuka huku mbele. Ameichora kijana mmoja wa ofisini, sijui kama alifika hata kona ya tatu." Alizungusha fimbo mkononi, akiitazama. "Wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Twende uione. Mimi nitakungoja ukipumzika." Aliinuka kwa shida, akanishika mkono kuniinua na mimi. "Na ukiona ni mbaya, mwanaa mwaitu, igeuze."