Uzi Uliosokotwa Kushoto

Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga mama mkwe wangu macho yote mawili, ila vidole vyake vilijua kila kitu katika nyumba yetu pale kijijini Mamba. Siku niliporudi kutoka Kasekese na kifuko cha pamba, aliipapasa, akaniomba nimtengenezee kijiti cha kusokotea uzi, kama alichokuwa nacho marehemu mama yake.

Nilichonga ufito wa mti wa mkole ukanyooka, nikaukata kimkato juu cha kunasa uzi. Chini kulihitaji uzito. Yeye alisema nitumie kipande cha kibuyu. Lakini asubuhi ile nikipalilia, jembe lilikuwa limeibua kigae cha udongo, cha duara, chenye tundu katikati. Kiliingia kwenye ufito bila kulegea. Sikumwambia.

Nilikaa kibarazani mchana kweupe, nikakizungusha kijiti kwa mkono wa kulia. Kikazunguka, kikachoka, kikasimama, kisha kikaanza kurudi nyuma. Nilisubiri uzi ufumuke ukatike. Haukufumuka. Ulizidi kukaza, na kijiti kikazidi kasi, ilhali hata nguo kwenye kamba hazikutikisika.

Mama mkwe aliomba aushike. Aliuviringisha kati ya vidole kwa muda mrefu, akauliza nimekaa na nani. Nikamjibu niko peke yangu.

"Huu umesokotwa na mtu wa mkono wa kushoto," alisema. "Mama yangu alikuwa wa kushoto."

Ikabidi nimweleze kuhusu kile kigae. Aliuliza nimekiokota upande gani wa shamba. Nilipotaja kichuguu, aliinamisha kichwa. Ndipo walipomzika mama yake, alisema, pamoja na vitu vyake, na kaburi likaja kulimwa. Hakunigombeza. Alinituma nikakirudishe, nisiseme na mtu njiani.

Shimo nililoliacha lilikuwa la kina cha jembe tu. Safari hii mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko ndipo nikagusa udongo mgumu. Nilikiachia kigae, nikafukia kwa miguu, nikaondoka bila kugeuka.

Baadaye nilitengeneza kingine kwa kibuyu. Uzi wake hukatika kila mara, kama wa mwanafunzi yeyote, nami nashukuru.

Uzi ule wa kwanza mama mkwe alinitaka nimfunge mkononi siku ileile niliyokirudisha kigae. Jioni ile alikaa kibarazani akizungumza Kipimbwe, lugha ya kwao, taratibu, anatega sikio, anaendelea. Mimi Kipimbwe sikijui vizuri. Nilielewa maneno machache tu: alikuwa akimkaribisha mtu kitini.