Waliomtaja Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni daktari, lakini si wa kutibu. Aliporudi kutoka masomoni nje, jirani mmoja alimletea mtoto mwenye homa, naye akabaki kumpapasa paji la uso kwa aibu. Kazi yake ni kuchunguza vitu vimeundwaje: saruji, udongo, vyuma. Kila mwaka alikuwa anakuja kwangu Kasingirima na kuondoka na gunia la maganda ya mise, yale magumu yanayobaki kokwa la mchikichi likishavunjwa. Anayachoma, majivu anayachanganya na saruji, anapima ukuta wake utabeba nini. Halafu anaandika.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kama hapa nakosea, kosa ni langu, si lake.

Idi ya mwaka juzi alinionyesha kwenye simu jina lake, na chini yake tarakimu ndogo. Akasema ili awe profesa haitoshi kuandika sana. Wanahesabu pia wenzako wamekutaja mara ngapi katika maandishi yao.

Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotegemea. Mimi ni mtuma salamu wa redio. Siku hizi tunatuma kwa simu, ila bado tunaita kadi. Tuna na klabu yetu: unataja watu wako, mtangazaji anasoma, na hao uliowataja nao wanakutaja.

"Kwa hiyo na nyie mna klabu," nilimwambia.

"Wapo wenye klabu, dada. Wanne pale ofisini wanatajana wao kwa wao. Waliniita, nikakataa."

"Ukakataa salamu?"

"Namtaja mtu niliyetumia kazi yake. Siwezi kumtaja kwa sababu tunakunywa naye chai."

Nilimwambia hicho ni kiburi. Akacheka, akasema labda. Wawili kati ya hao wanne walishampita cheo, na mmoja alikuwa mwanafunzi wake. Lakini nilisikia upande mmoja tu. Inawezekana wanaandika vizuri kuliko yeye. Mimi sina macho ya kupima hayo, na hata yeye hakuwahi kusema wanaandika vibaya.

Makaratasi yake yakapelekwa kwenye kamati ya chuo ya kupandisha vyeo. Nikawaomba wenzangu wa klabu wamwombee. Kwenye kadi yangu niliandika "mdogo wangu daktari", sikuzidisha. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja wa Mwandiga, ndiye aliyeanza kumsalimu kama profesa. Alifanya kwa heshima tu, maana kwetu mtu akikikaribia cheo huwa tunampa. Mwanachama wa Kidahwe akafuata. Baada ya hapo kila mchana redio ilimtaja. Ningeweza kukanusha. Badala yake nilipandisha sauti ya redio.

Kamati ikamnyima. Walisema maandishi yanatosha, waliomtaja hawatoshi.

Alikuja bila kuniarifu. Aliposhuka basi Mwandiga, vijana wa bodaboda wakamgombania: "Profesa, panda hapa, wewe ni wetu." Alipofika kwangu jirani alikuwa kizingitini kwake, akamwamkia kwa kilugha.

"Mwakeye, Profesa. Sasa utatujengea hata choo cha kisomi?"

Alimjibu kwa adabu, akaingia, akakaa.

"Nani amewaambia?"

Nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Wamenitaja wangapi?"

"Wengi. Sijahesabu."

"Ungehesabu, dada. Kule wanahesabu."

Wakati wa salamu ukafika. Nilizima redio yangu, lakini ukuta wetu na jirani ni mmoja, na redio yake ilikuwa kwenye kituo kile kile. Tukakaa tunasikiliza majina. Lake lilipofika, mtangazaji alimpongeza. Mdogo wangu alikuwa anautazama ule ukuta kama anayetafuta ufa.

Siku ya kuondoka nilimtolea gunia lake. Nilikuwa nimeshamkusanyia maganda kwa wakamuaji wa mafuta.

"Pikia," alisema.

"Na kazi yako?"

"Pikia tu, dada."

Sijui kama ameacha kabisa au alichoka siku ile. Sijamuuliza, na yeye hapigi simu. Maganda ya mise yanachelewa kushika, yanatoa moshi mweusi, halafu yanakaa na moto muda mrefu. Gunia limebaki nusu. Klabuni bado wanamtaja, na nikiwaambia waache wanasema namwonea wivu.