Maji Niliyotia Kwenye Kichupa cha Dawa

Kosa ni langu, na mwenye kulilipia hajui. Mama Furaha amepoteza kazi kwa sababu yangu.

Shangazi yangu ni daktari wa wanyama hapa Kampala. Maabara yao ilichukua jeni ya mbwa, ile inayotengeneza protini ya kuamsha kinga ya mwili ugonjwa ukiingia, wakaipandikiza ndani ya bakteria ili waizalishe kwa wingi. Wanatafuta dawa ya mbwa wagonjwa. Mama Furaha, Mkongo anayeishi mtaa wa Namuwongo, ndiye aliyekuwa anawalisha hao bakteria.

Likizo nilikuwa nashinda huko, naosha chupa. Siku moja nikagonga kichupa cha antibiotiki, kikamwagika chote kwenye sinki. Dawa yenyewe haina rangi. Nikajaza maji, nikarudisha kwenye friji. Mimi hata darasani sinyooshi mkono, ningeanzaje kumwambia mtu?

Sikujua dawa ile, inayotiwa kwenye chakula cha bakteria, ndiyo mlinzi. Bakteria aliyebeba jeni ya mbwa haimdhuru, kwa kuwa jeni hiyo imeunganishwa na kinga dhidi yake; aliyeitupa inamuua. Bila dawa, wale waliotupa mzigo ndio wanaozaana.

Bakteria wakajaa chupani, maji yakawa mazito kama uji, tukafurahi. Kupima, protini hakuna. Wakarudia, vilevile.

"Mama Furaha, dawa ulitia?" shangazi akauliza.

"Nilitia, dokta. Ya humo humo kwa friji."

"Basi hawa watoto wako wanakula tu kama wageni wa Idi?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nasugua chupa ambayo tayari ilikuwa safi.

Mkuu wa maabara hakucheka. Alisema mama huyo anaruka hatua, akamwachisha kazi.

Juzi nikamwambia shangazi yote.

"Kazi yake ameshapewa mtu," akasema. "Na mimi sikumtetea. Kwa mkuu nitakwenda mimi. Kwake utakwenda wewe."

Leo nimekwenda Ggaba, soko la samaki kando ya ziwa, anakouza dagaa siku hizi. Yeye ndiye aliyeniona kwanza.

"Eh, mtoto wangu! Bakteria wetu wamekubali?"

"Bado, mama."

Akanifungia dagaa, pesa akakataa. Nikarudi nao nyumbani, maneno yangu yakiwa bado tumboni.

Wewe unayesoma, ukimwaga kitu cha watu, sema hapo hapo, kichupa kikiwa bado mkononi. Ukishakijaza maji, kuna mtu atakitumia akikuamini.

Dagaa wako mezani, sijaweza kuwala. Kesho asubuhi narudi Ggaba.