Bi Nukta na Kibao cha Kusomea

Jina lake la kuzaliwa wengi wameshalisahau. Bi Nukta walimwita wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha uchapaji, ambako alisahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, kwa miaka thelathini na mmoja, kalamu nyekundu mkono mmoja na rula mkono wa pili, akiiteremsha mstari baada ya mstari. Nukta ikikaa pasipo pake, alikuwa hali hanywi mpaka ihame.

Aliacha kazi macho yalipoanza kumchezea. Mistari miwili iligeuka mmoja, m ikawa n, na daktari akamwambia kwamba miwani nayo imefika mwisho wake. Hakulia. Alirudi nyumbani, akalifunika kabati la vitabu kwa kitambaa, akaanza kutoa maoni kuhusu simu.

Simu mpya hazikukosekana nyumbani mle. Mumewe, fundi wa kujalidi vitabu aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake, alipenda simu kama wengine wanavyopenda viatu, na kila alipobadilisha, mkewe aliitolea hukumu ile mpya. Moja aliiita sinia. Nyingine ilikuwa na kamera nne mgongoni, naye akauliza kama ni simu au buibui. Ile iliyofunguka kwa kutazamwa usoni ilikataa kumtambua mzee siku aliyotoka kunyolewa, Bi Nukta akasema hiyo angalau ina akili, haimfungulii mlango mtu isiyemjua.

Kampuni za simu nazo hazikusalimika. Nyumba ilikuwa na laini tatu. Ya kwanza ilisikika vizuri, ila bando lake liliyeyuka kama barafu juani. Bando la laini ya pili lilidumu, lakini mtandao wake uliingia kwa dirisha la jikoni tu na kuishia kwenye sinki. Ya tatu haikuwa na lolote. Mzee aliitunza kwa sababu namba yake ilikuwa rahisi kukumbuka. Majirani wa ghorofa ile waliyajua hayo yote, maana aliyetaka kununua simu alipitia kwanza kwa Bi Nukta, akaketi, akasikiliza.

Jumamosi moja asubuhi binti yao mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuja na kifaa cha kusomea vitabu, chembamba kama kibao, kisichopiga simu wala picha. Mama mtu alikigeuza huku na huku.

“Hii ni simu iliyonyimwa ulimi,” akasema.

Binti akakichukua. Alifungua riwaya moja, akagusa pembeni mara mbili, herufi zikanenepa hadi zikawa kama za bango la dukani. Kisha akamrudishia mama yake.

Bi Nukta alisoma mstari wa kwanza kwa kunong'ona, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Akasoma wa pili. Kufika wa tatu hakunong'ona tena. Baba na binti walimaliza chai, wakaosha vikombe, wakavikausha, naye bado ameinama pale pale. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtiririka.

“Zimerudi,” akasema. “Herufi zangu zimerudi.”

Kuanzia siku hiyo kupika mchana ikawa kazi ya mume. Alimlalamikia kila jirani kwamba uzeeni ameletewa mume mwenza, asiyekula wala kuchafua sahani. Lakini ni yeye aliyekumbuka kukichaji kibao kila asubuhi, na ndiye aliyekitoa kitambaa kwenye kabati la vitabu bila kuambiwa.

Siku ya tisa, mzee akiwa anamenya viazi, alisikia mkewe akicheka sebuleni hadi kukohoa. Katika riwaya ile, mama mkwe alikuwa amempokea mchumba wa mwanawe kwa heshima zote, akamkalisha kitini, akammiminia chui ya moto kikombeni.

“Chui, baba watoto,” alisema akijifuta macho. “Tena bila sukari.”

Kicheko kilipoisha, desturi ya kazi ikaamka ndani yake. Alitafuta daftari na kalamu nyekundu, akarudi ukurasa wa kwanza. Kwa siku nne aliorodhesha makosa, akapata arobaini na matatu. Mzee alidhani mambo yataishia hapo. Bi Nukta akasema mtu akiona shimo njiani akanyamaza, basi amesaidia kulichimba, kwa hiyo lazima wachapishaji waambiwe.

Alianza kuandika ujumbe kwa simu ya mumewe. Kila alipoandika chui, simu ikabadilisha ikaweka China. Akafuta, akaandika upya, China ikarudi. Alijitahidi kwa nusu saa, kisha akaiweka mezani kwa upole, akatangaza kwamba hajawahi kuona chombo kisichojua kusoma kikimsahihisha msahihishaji. Akaandika barua kwa mkono, kurasa tano, hati iliyonyooka. Mzee akazipiga picha moja moja, akazituma. Ukurasa wa tatu ukakwama. Bando lilikuwa limeyeyuka.

Bi Nukta alipigia huduma kwa wateja. Alisikiliza muziki mpaka akaujua, na mhudumu alipopokea akamweleza, kwa adabu na kwa mpangilio, tabia ya laini hiyo tangu iingie nyumbani kwao. Msichana yule hakumkatiza. Mwishoni alimwomba aipe huduma alama, sifuri hadi kumi. Bi Nukta akampa yeye kumi, kampuni akaipa mbili, na akataka ziandikwe mbalimbali. Yule msichana alicheka kama mtu aliyesahau kwamba yuko kazini, halafu akamwonyesha jinsi ya kujiunga na kifurushi kingine. Kabla ya adhuhuri kurasa zote tano zilikuwa zimefika.

Wiki mbili zikapita kimya. Asubuhi moja simu ikaita, na kwa bahati mbaya ilikuwa ile laini ya dirishani. Bi Nukta alipokea akiwa sebuleni, akasikia “Mama, ninapiga kutoka...” kisha kimya. Mzee akampokonya ile simu, akakimbilia nayo jikoni akiiinua juu kama taa. Ilipoita tena, mkewe alikuwa tayari ametoa kichwa na bega moja nje ya dirisha, na majirani waliokuwa wakianika nguo uani wakanyamaza wasikilize.

Aliyepiga alikuwa mhariri wa wachapishaji. Aliomba radhi kwa ajili ya yule chui, akasema ofisi nzima imeisoma barua na wengine wameibandika ukutani. Kisha akauliza kazi hiyo alijifunzia wapi. Bi Nukta akamweleza.

“Mama, tunakuomba uwe unatusomea vitabu vyetu kabla havijatoka,” mhariri akasema. “Tutakutumia humo humo kwenye kibao chako, na malipo yapo.”

“Macho yangu mabovu, mwanangu. Nisikudanganye.”

“Macho yaliyomwona chui kikombeni yanatutosha.”

Bi Nukta akakubali, na uani wakapiga makofi. Mzee alimshika kiuno, kwa furaha au kwa kuogopa asije akaanguka, yeye mwenyewe hakusema.

Sasa ana meza yake karibu na mwanga. Bado ana maoni: kibao hakina harufu ya gundi, na hapo mumewe anamuunga mkono kwa moyo wote, na hakikunjiki pembe ya ukurasa. Kitabu cha kwanza alichokisafisha kilipotoka, alikipitia upya kwa raha zake, na katika sura ya sita akakuta herufi moja iliyompita yeye mwenyewe. Kiwandani kosa kama hilo lingekaa rafuni miaka thelathini likimcheka. Alimpigia mhariri, amesimama jikoni, akakiri. Alasiri alipokifungua tena kitabu kile kile kibaoni, ofisi ilikuwa imeshakirekebisha kutoka huko huko, na herufi imekaa mahali pake.

Alimwita mumewe aje aone. Mzee alitazama, akasema yeye haoni chochote, neno liko sawa tu.

“Ndiyo kazi yenyewe hiyo,” Bi Nukta akamjibu, akasogea ili akae naye.