Jinsi jirani yangu alivyopanga safari ya Tororo kwa desturi za melini

Wakuu, nawasalimu nyote, na hasa wale wa Eastlands waliowahi kuteseka ndani ya kamati.

Kabla sijasimulia, nitenganishe mafungu mawili. Ya melini niliyasikia tu, kwa kuwa sikupanda meli. Nikiyataja nitasema ni ya kusikia. Ya mikutano na ya mpakani niliyaona mwenyewe, na kumbukumbu za mikutano niliziandika kwa mkono wangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mtaa wa Donholm, Nairobi. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini, nikikaribia kustaafu. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Baba Rispa, msimamizi mstaafu wa kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo. Mtu wa magharibi ya Kenya kama mimi, mwimba besi kanisani.

Binti yake Rispa alifanya kazi katika hoteli Mombasa. Akawapatia wazazi wake nafasi katika meli ya watalii: siku tano, Mombasa hadi Zanzibar na kurudi.

Wiki mbili kabla ya safari hiyo, Mama Rispa alipokea barua. Niliisoma, kwa sababu aliniletea nimsaidie kuutambua mwandiko. Dada yake mkubwa, Perpetua, aliyeolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, alikuwa mgonjwa na aliomba waonane. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na minane.

Mama Rispa alitaka kuondoka kesho yake. Mumewe akasema meli haimsubiri mtu, lakini akaahidi mbele yangu, akiwa ameegemea lango langu:

"Tukishuka melini, wiki hiyohiyo tunawasha gari. Tunavuka Malaba, tunalala Tororo siku mbili, tunarudi."

Alirudi akiwa mtu mwingine. Kofia nyeupe kichwani, na sebule yake sasa aliiita ukumbi. Watu wa mtaa wakambandika jina la Kapteni kwa kejeli. Yeye akalipokea kama cheo.

Na badala ya kwenda Tororo, akaunda kamati.

Wasiotufahamu watashangaa. Sisi tuliotoka magharibi tukazeekea katika ofisi na viwanda vya Nairobi hatukujua kufanya jambo bila kamati. Harusi, matanga, tangi la maji, yote yalikuwa na mwenyekiti na katibu. Hii ilikuwa gari moja na safari ya siku mbili, na bado tulipiga kura.

Kapteni akawa mwenyekiti. Mimi katibu. Shadrack, fundi wa magari kutoka Huruma, akawa mshauri wa ufundi, kwa kuwa gari la Kapteni, Pijo kuukuu, halikuwa likiwaka bila yeye.

Mkutano wa kwanza uliamua kwamba kila mji tutakamopumzika uitwe nanga. Nakuru, nanga ya kwanza. Eldoret, nanga ya pili. Niliandika.

Mkutano wa pili ulihusu mavazi. Melini, na hili ni la kusikia, kulikuwa na jioni ya chakula cha nahodha ambapo wanaume walivaa suti. Ikapendekezwa suti kwa chakula cha Bungoma, tutakapolala kwa ndugu zake Kapteni kabla ya mpaka, watu ambao huwa wanakula chini ya mti wa parachichi wakiwa wamevua viatu. Niliandika pia.

Katika mkutano huo niliuliza swali langu moja.

"Bwana mwenyekiti, na pasipoti? Na logbook ya gari?"

"Karani, umesoma sana lakini hujasafiri," akanijibu. "Melini walizichukua pasipoti zetu siku ya kwanza, wakatupa kadi. Zanzibar nilishuka na kadi, nikapanda na kadi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mpaka wa siku hizi ni kadi."

Akaitoa mfukoni: kadi ya plastiki yenye jina lake na nambari ya chumba.

Shadrack akaigeuza mkononi. "Hii iko fiti, buda. Na Malaba si noma. Kuna msee wa kwetu huvuka kila wiki, hata kipande cha kitambulisho haulizwi."

"Wewe mwenyewe umewahi kuvuka?" nikamuuliza.

"Mimi? Zii. Lakini nimeskia."

Niliandika kwamba mjumbe amesikia, nikapiga mstari chini yake, nikafunga daftari. Nakiri hapa kwamba huo ndio uliokuwa ukomo wa ujasiri wangu. Mtu anaweza kuwa na wasiwasi wa haki kabisa na bado akautunza vizuri ndani ya faili.

Mkutano wa tatu ulijadili, kwa saa mbili nilizozipima kwa saa yangu, kama abiria wafanye zoezi la dharura kabla ya kuondoka, kama lilivyofanywa melini, nalo ni la kusikia. Yaani watu watatu wazima wajipange kando ya Pijo katika mtaa wa Donholm, waonyeshwe milango ya kutokea. Milango yenyewe ilikuwa minne, na mmoja haukufunguka.

Wiki zilikuwa zinakwenda. Mama Rispa alikuwa akituletea chai na kurudi jikoni.

Wiki ya sita ikafika barua ya pili. Mwandiko haukuwa wa Perpetua. Jirani yake alimwandikia, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hautulii tena kwenye kalamu.

Siku ya mkutano wa nne Mama Rispa aliweka sinia mezani na hakurudi jikoni.

"Nani kati yenu atamvalia dada yangu suti?" akauliza. "Mtu anaumwa. Hangojei chakula cha nahodha."

"Mama Rispa," mumewe akasema, "hilo tutalifikia kwenye mengineyo."

"Mimi kesho alfajiri niko ndani ya gari. Mwenye ajenda abaki nayo."

Hakuna aliyeunga mkono wala aliyepinga. Mkutano ulifungwa kwa sala fupi.

Kesho yake tuliondoka watatu: Mama Rispa, mumewe na mimi. Shadrack aliiwasha Pijo, akatupungia mkono, akabaki. Jioni tulifika Bungoma. Kapteni alivaa suti peke yake. Asubuhi tukaenda Malaba.

Afisa wa mpakani alikuwa kijana mtulivu. Akaomba pasipoti na logbook, hati ya umiliki wa gari. Kapteni akampa kadi.

Afisa akaisoma pande zote mbili, kwa heshima.

"Chumba mia mbili na kumi na saba," akasema. "Hapa hatuna vyumba, mzee."

Pasipoti na logbook zilikuwa Donholm, kabatini. Afisa akatueleza bila hasira: gari halivuki. Lakini watu wa hapa huvuka kwenda sokoni na vitambulisho vyao. Kama ni kumwona mgonjwa, twende kwa miguu, au tupande boda, tuache gari pale.

Kwa wasiojua, boda za wakati huo zilikuwa baiskeli zenye mto nyuma, zikivusha watu kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda.

"Mimi siwezi kufika kwa shemeji nimekalishwa nyuma ya baiskeli kama gunia," akasema Kapteni.

"Gunia halisumbui hivi, mzee," akasema mwenye baiskeli.

Mama Rispa alikuwa amekwisha kupanda. Aliketi upande, mkoba mapajani, nguo ya kanisani imebanwa vizuri chini ya magoti. "Linda gari lako," akamwambia mumewe. Nikamwona akivuka daraja mpaka akapotea kati ya wachuuzi.

Mimi sikuvuka. Sikualikwa, na mgonjwa si maonyesho.

Tulirudi Bungoma, na kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa tena kizuizini kumngoja. Saa tano zikaja baiskeli mbili kutoka upande wa Uganda. Ya mbele ilimbeba Mama Rispa. Ya nyuma haikuendeshwa. Ilikuwa inasukumwa polepole, na juu yake ameketi mama mwembamba aliyefungwa shuka mabegani, kijana mmoja akimshikilia mgongo.

Askari akainua kizuizi bila kuuliza neno.

"Shemeji," Perpetua akamwambia Kapteni, "nimeambiwa una gari lisiloweza kuachwa. Nikasema basi nije mimi."

 Mwenyekiti wa mikutano minne hakuitisha wa tano. Akaenda kumtafutia kiti.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Aliyebebwa hajui njia, anajua alivyobebwa. Na kamati inaweza kumchelewesha mgonjwa kwa adabu kubwa sana, ikiwa na katibu mwenye mwandiko mzuri. Nilikuwa katibu huyo.

Wenye visa vya mpakani au vya kamati, leteni hapa chini. Ombi langu ni moja: andikeni yaliyowapata wenyewe. Ya binamu wa rafiki yabaki kwa binamu.

Mtaniuliza kilichompata Perpetua baadaye. Habari hizo zilifika kwa barua, nami sikuwapo, kwa hiyo siziandiki.

Niliyoyaona ni haya. Dada wale wawili walikaa kwenye benchi la kizuizini, mikono imeshikana, kuanzia saa tano na dakika kumi hadi saa sita kasoro dakika tano. Kisha Perpetua akapandishwa kwenye baiskeli. Katikati ya daraja akamwomba msukumaji asimame, akageuka, akainua mkono. Mama Rispa akainua wake. Wakakaa hivyo mpaka lori lililokuwa nyuma likapiga honi.